Nani Hajaonja

Kocha wetu wa mpira wa kikapu hakuwa mtu wa ubao wala chati. Timu za shule nyingine zilikuja na makocha waliobeba vibao vya plastiki na kalamu za rangi. Yeye alikuja na mbaazi tano mfukoni. Mechi ikianza alizishika katika mkono wa kushoto, moja kwa kila mchezaji wake aliye uwanjani. Mtu akipata mpira, mbaazi yake ilihamia mkono wa kulia. Zote tano zikishahama, alizirudisha kushoto akaanza upya. Mbaazi zenyewe zilifanana, lakini yeye alijua ipi ni ya nani, na hakuziangalia kamwe. Vidole vilifanya kazi hiyo vyenyewe, kama vya mama anayechambua maharagwe huku akipiga soga na jirani. Mbaazi moja ikikaa sana kushoto, aliinuka kwenye benchi akauliza kwa sauti iliyofika mpaka kwa mwanamke aliyechoma mahindi nje ya geti:

"Nani hajaonja?"

Hakuuliza ni nani hajafunga. Kufunga hakukumshughulisha sana. Alitaka kujua ni mtu gani kati ya watano alikuwa anakimbia huku na huko mikono mitupu.

Mimi ninayeandika nilikuwa fowadi wake, na sitajishusha hapa kwa ajili ya adabu: nilikuwa fowadi bora kuliko wote waliovaa jezi ya shule ile. Baadaye nilikwenda Uarabuni nikakaa miaka kumi na mmoja. Nilianza nikisimama mlangoni mwa duka kubwa, nikiwafungulia watu ambao hawakunitazama usoni. Nilimaliza nikiwa na diploma ya ukufunzi wa michezo, niliyoisomea baada ya zamu, miguu imevimba, wenzangu wamelala. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Leo nina nyumba ya ghorofa pembeni mwa mji wa Machakos, nina gari lililokuja bandarini kwa jina langu, na diploma yenyewe imetundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kuiona. Nayasema haya mapema ili nikifika mahali pa kukiri kosa, ijulikane ni mtu wa aina gani anayekiri.

Kocha alikuwa mwalimu wa Kilimo. Kila mtu alimwita Kocha, hata mkewe, hata mpishi wa shule ambaye hakuwahi kushika mpira maishani. Siku za mechi alivaa tai ndani ya jaketi la mazoezi, na filimbi yake aliifunga kwa kamba ya mkonge aliyoisokota mwenyewe. Mistari ya uwanja ikifutika aliichora upya kwa majivu kutoka jikoni, akiwa ameinama na debe, tai imetupwa juu ya bega isichafuke. Tulimcheka kwa hilo. Leo nina rangi ya uwanja ya makopo, na mistari yangu haijawahi kunyooka kama ile ya majivu.

Alikuwa na maneno yake machache aliyoyatumia mpaka yakachakaa. Lililonihusu mimi zaidi ni hili: "Kudunda mpira ni kuongea na wewe mwenyewe. Sisi wengine tunangoja habari." Alinipigia kelele hilo tangu kidato cha kwanza. Nikipokea mpira, nikadunda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nilimsikia kutoka benchi: "Unaongea na nani, kijana? Tuambie na sisi!" Nami nilifunga, nikageuka kumwangalia nikiwa na tabasamu, na yeye hakupiga makofi. Mkono wa kushoto ulikuwa bado umefumbwa.

*

Kocha alimchagua mchezeshaji wake, yule ambaye wachezaji humwita pointi gadi, kwa njia ambayo sijaikuta katika kitabu chochote cha diploma yangu. Alimchagua katika ukumbi wa chakula.

Aliyesoma bweni anajua. Meza ni ya watu kumi, sufuria ya githeri ni moja, mwiko ni mmoja. Mmoja wa meza anagawa, na kwa desturi ya shule ile anayegawa huchukua sahani ya mwisho. Desturi hiyo ilikusudiwa kuzuia ulafi, lakini tulikuwa wavulana, na wavulana hupata mwanya. Katika githeri ya shule, mahindi mepesi na wale wadudu wadogo huelea juu. Maharagwe na kiazi, kikiwapo, hukaa chini. Anayegawa kwa kuchota juu juu anawapa wenzake kile kinachoelea, na sahani yake ya mwisho inakuja nzito, imejaa maharagwe, na hakuna wa kumlaumu kwa sababu amechukua mwisho kama desturi inavyotaka.

Kocha alipokuwa mwalimu wa zamu alipita nyuma ya meza, mikono mgongoni. Tulidhani anawatafuta wanaomwaga chakula. Kumbe alikuwa anaangalia mwiko.

Siku yangu ya kugawa alisimama nyuma yangu mpaka nikamaliza. Sahani yangu ilikuwa maharagwe matupu. Aliitazama, akanitazama.

"Wewe unachota juu," alisema.

"Nimechukua ya mwisho, Kocha."

"Nimeona. Kula."

Kwenye meza iliyofuata aliyegawa alikuwa Musyoka, kijana mfupi wa kutoka upande wa Matuu, mkimya, ambaye likizo ikiisha alirudi na begi la maembe akayagawa bweni zima mpaka yeye mwenyewe akabaki kunusa begi. Musyoka alikoroga kabla ya kila mwiko. Alizamisha, akakwangua chini, akainua, akamimina, kisha akazamisha tena. Mara kumi. Wenzake walimpigia kelele kwa njaa: "Wewe unapika ama unagawa?" Yeye alikoroga. Kesho yake kwenye mazoezi Kocha alimtupia mpira kifuani akasema, "Wewe ndiye utakuwa unauleta."

Nilikuwa nimetaka kazi hiyo. Nilijua kudunda kuliko Musyoka, nilikuwa mrefu kuliko Musyoka, na nilimwambia Kocha hivyo.

"Ni kweli yote," Kocha alijibu. "Lakini yeye anakoroga."

Basi miaka mitatu Musyoka aliuleta mpira, na mimi nikafunga. Nilifunga vikapu ambavyo wazee wa pale bado wanavisimulia. Ninapokutana nao sokoni wananishika bega, "Unakumbuka kile cha kona? Unakumbuka kile cha dakika ya mwisho?" Ninakumbuka. Nina aibu kusema kwamba ilinichukua karibu miaka ishirini kukumbuka pia mpira ule wa kona ulitoka mkononi mwa nani.

*

Asifikiriwe kuwa Kocha alikuwa mtakatifu. Mtu huyu aliyehubiri kugawa alikuwa mchoyo wa gazeti. Katika chumba cha walimu alilisoma lote, kisha akalikunja akalitia mfukoni kwenda nalo nyumbani, na walimu wengine wakasoma habari za jana. Chai ya chupa yake hakumpa mtu. Na kuongea! Mkikaa naye watatu, wawili mtarudi nyumbani na maneno yenu yote tumboni. Alimkatiza mwalimu mkuu, alimkatiza padri. Siku moja mkewe, ambaye sisi tulimwita Mama, alituandalia chai baada ya mechi, na Kocha akaanza hotuba yake ya kupasia. Mama akacheka mpaka akaweka birika chini.

"Huyu?" alisema. "Huyu anawafundisha nyinyi kupasia? Tukiwa chuo cha ualimu huyu alikuwa fowadi. Mpira ukimwingia umeenda hivyo. Hata angeombwa na askofu, hapeani!"

Tulicheka sana, mimi zaidi ya wote, kwa sababu nilikuwa nimepata silaha. Lakini Kocha alikiangalia kikombe chake. Ndiyo mara pekee nilipomwona ana nafasi ya kuongea na asiongee. Ningekuwa mtu wa kukoroga ningeuliza kilichokuwa chini. Sikuuliza.

*

Nilirudi nyumbani na masanduku sita na wazo moja. Ligi ya wikendi ilikuwa imeanza kwa timu za watu wazima, na mimi nikaanzisha timu. Jezi nilinunua mimi. Mipira nilinunua mimi. Nilimwomba Kocha, aliyekuwa amestaafu, awe mshauri wetu, na ninakiri kwamba nilimwomba jinsi mtu anavyotundika picha ya zamani ukutani: nilitaka awepo, sikutaka aseme. Yeye alikuja na tai yake na mbaazi zake, na siku ya kwanza tu alinipa jina.

"Diploma," aliniita mbele ya wote, "kuja hapa unifunge hii kamba ya viatu, mgongo umekataa."

Jina likashika. Mpaka leo kuna watu mjini hawajui jina langu lingine.

Musyoka alikuwa bado anacheza. Alikuwa anafanya kazi katika kiwanda cha nguo kule EPZ, eneo la viwanda la Athi River, na kila Jumamosi alibadilishana zamu na mtu ili aje. Alikuwa amepunguza mwendo, goti moja alilifunga bendeji, lakini mpira ulimtoka mkononi kwa wakati uleule. Kwa miezi ya kwanza nilimweka kama zamani.

Kisha nikawapata Kyalo na Baraka. Wote wawili fowadi, wote warefu, wote wanadunda, wanapasia, wanafunga kutoka popote. Kila mmoja alitaka mpira mkononi mwake, na kila mmoja alistahili. Nilikaa chini na daftari nikaona jambo ambalo bado naamini lilikuwa na akili: ikiwa fowadi wako wawili wanaweza kuuleta mpira na kuanzisha mchezo, pointi gadi ni wa nini? Ni mtu mfupi aliyesimama pembeni akingoja, na wapinzani wanamwacha wanakwenda kuwabana wengine. Mtoe. Weka mpiga mbali mwingine, au mrefu mwingine wa kulinda.

Kocha alilijua kabla sijamwambia. Tulikuwa uwanjani, wachezaji wamekaa wananyoosha misuli, wanasikia.

"Diploma, Musyoka umemweka wapi kwa hii mpango yako?"

"Kocha, mpira wa siku hizi hauna hiyo mambo. Niko na fowadi wawili wanaweza kuleta. Nikiweka Musyoka nimepoteza mtu mmoja. Ni mfupi, wanampiga juu ya kichwa."

"Ni kweli, wanampiga juu."

"Na hao wawili wakiwa na mpira, yeye anafanya nini? Anaangalia tu."

"Hiyo ndiyo kazi yake, kuangalia." Akageuza mbaazi mkononi. "Sawa, umemtoa. Sasa nani anakoroga?"

Vijana hawakujua maana yake lakini walicheka, kwa sababu Kocha alilisema vizuri. Mimi nilijua maana. Nilihisi nimerudishwa ukumbini, sahani yangu imejaa maharagwe, mtu amesimama nyuma yangu. Nikasema neno ambalo ningetoa chumba kimoja cha ghorofa yangu ili lirudi kinywani.

"Kocha, hii si githeri. Hii mimi nimesomea."

Hakukasirika. Aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeelekezwa njia, akakaa.

*

Kosa langu la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza angalau lilikuwa mawazo ya mpira.

Orodha ya wachezaji kumi na wawili wa msimu niliituma kwenye kundi la timu katika simu. Jina la Musyoka halikuwemo. Sikumpigia, sikumwandikia. Nilijiambia ataona. Jumamosi alifika kama kawaida, viatu ndani ya mfuko wa plastiki, vumbi la Athi River bado liko kwenye suruali.

"Sijaona jina yangu," aliniambia akitabasamu. "Nikasema labda hii simu yangu imekata watu wa mwisho."

Nilikuwa nimeshika filimbi. "Tutaongea," nikamwambia. "Acha tumalize mazoezi tutaongea."

Kocha alikuwa amesimama hapo karibu. "Mwambie," alisema. "Mwambie hapa, ukimwangalia."

"Kocha, si lazima kila kitu iwe sherehe."

Musyoka alituangalia sisi wawili, akaelewa. Alikaa kwenye benchi nusu saa akitazama mazoezi, kwa heshima tu, kisha nilipogeuka hakuwepo. Hatukuongea. Kocha alivua tai, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo hakukaa tena kwenye benchi letu. Alikaa juu, kwenye ngazi za watazamaji, kati ya watoto na wauza njugu.

Na tulishinda! Haki lazima itendeke kwa diploma pia. Tulishinda mechi sita mfululizo bila pointi gadi. Kyalo analeta, Baraka anamalizia. Baraka analeta, Kyalo anamalizia. Baada ya mechi ya sita nilipanda ngazi hadi alipokaa, jezi mpya, miwani ya jua kichwani.

"Sasa, Kocha?"

"Unaweza," alisema. "Mimi sikusema huwezi. Mkiwa mbele, kila mtu ameshiba. Hata sufuria ikigawa yenyewe hakuna atalia." Alinunua njugu, hakunipa. "Ngoja siku ya njaa."

Siku ya njaa ilikuwa fainali, dhidi ya timu ya Kitui. Nusu ya kwanza tulikuwa mbele kwa pointi kumi na nne na nilikuwa tayari natunga maneno ya kusema nikipokea kombe. Robo ya tatu wapinzani wakaanza kutubana uwanja mzima, watu wawili kwa kila mwenye mpira, kuanzia chini ya ringi yetu wenyewe. Ghafla kuuleta mpira kukawa kazi ngumu isiyo na sifa. Ndipo nikawasikia fowadi wangu.

"Leta!" Kyalo alimpigia kelele Baraka.

"Leta wewe!"

"Mimi nimeleta mara tatu! Kwani mimi ni punda yako?"

"Na mimi nitafunga na nini, na mate?"

Aliyeuleta kwa taabu hiyo yote hakutaka tena kuutoa. Alihisi ni haki yake kuumalizia. Sikumlaumu. Mimi pia ningefanya hivyo, na nilikuwa nimefanya hivyo maisha yangu yote. Nzioka, mtu wetu mrefu wa katikati, aligusa mpira mara moja katika robo nzima. Akaacha kurudi kulinda. Nikamrukia.

"Nzioka, mbona hurudi nyuma?"

"Nirudi kufanya nini, mkufunzi?" Alikuwa anafuta jasho kwa jezi niliyonunua mimi. "Mimi leo nimekuja kutembea."

Zikabaki sekunde chache, tuko nyuma kwa pointi moja. Baraka alikuwa na mpira, amezungukwa na watatu, anadunda, anadunda. Nzioka alikuwa peke yake chini ya ringi, mikono yote miwili juu, hakuna mtu hatua nne kutoka kwake. Uwanja mzima ulimwona. Baraka hakumwona, kwa sababu aliyepewa na Mungu macho ya kumwona Nzioka wakati ule alikuwa Athi River akikagua mishono. Muda ukaisha mpira ukiwa bado unadundwa.

Nilitazama ngazi za juu. Kocha alikuwa amesimama. Alifungua mkono wa kushoto akauangalia, akarudisha kilichokuwemo mfukoni, akashuka akishika ukuta. Nilingoja aje aniambie, "Si nilikwambia." Nilikuwa nimetayarisha jibu. Alipita nyuma ya benchi, akamgusa Nzioka begani, akaenda zake.

*

Nilikwenda Athi River baada ya miezi kadhaa. Nilimngoja Musyoka nje ya geti saa ya chakula cha mchana. Alitoka na wenzake watatu, na kabla hajaniona alikuwa ameshikilia chapati mbili akizikata vipande vinne. Nilitaka kucheka na sikuweza.

Alinisalimia vizuri, akanipa kipande chake. Nikamwambia nimekuja kumwomba arudi, timu inamhitaji.

"Timu ama wewe?"

Nilitafuna kile kipande cha chapati, naye hakungoja.

"Mimi sijakasirika, ndugu yangu. Magoti imechoka, Jumamosi sasa napumzika. Lakini tangu kidato cha pili nimekupatia mpira mingapi? Hata moja, hujawahi geuka useme asante. Ulikuwa unageuka kuangalia watu." Alisema hivyo kwa upole, kama anayemkumbusha mtu kitu alichosahau kwake. "Na ile siku ungeniambia tu. Ningekaa benchi. Ningepeleka maji."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia nitamnunulia viatu vipya. Aliangalia viatu vyangu, akasema asante, kengele ikalia, akaingia.

*

Kwa Kocha nilichelewa zaidi. Nilikuwa nikisikia habari zake: macho yanakwisha, hatoki sana. Agosti hii nikampigia Mama nikamwambia nitakuja Jumapili.

Nilimkuta Kocha ameketi barazani, ungo mapajani, akibandua mbaazi mbichi kutoka kwenye maganda. Kulikuwa na tai shingoni. Mama alimvalisha, nadhani, kwa ajili yangu. Aligeuza uso kuelekea mlio wa gari, si kwangu.

"Hiyo engine ni ya mtu mwenye masomo," alisema, akanisalimia kwa Kikamba. "Wi museo, Diploma?"

"Mzima, Kocha. Shikamoo."

"Marahaba. Keti. Usiniambie rangi ya gari, nitaamini tu."

Nilikuwa nimekuja na hotuba ya kuomba msamaha. Badala yake nilijisikia nikimweleza kuhusu jezi mpya, kuhusu taa nilizoweka uwanjani, kuhusu mwaliko wa kufundisha makocha wenzangu. Ndivyo kinywa changu kilivyozoea. Alinisikiliza, vidole vikibandua.

"Na mpira," akauliza nilipopumua, "nani anauleta?"

"Kyalo. Baraka alihama."

"Na Musyoka?"

"Alikataa, Kocha." Nikashusha sauti. "Nilimkosea. Na wewe nilikukosea, lile neno la githeri. Ulikuwa sawa."

"Usiniambie mimi," alisema. "Mimi nimekula. Nilishiba kitambo."

Mama alileta sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, mvuke unafuka, na sahani akaziweka mezani. Zilikuwa nne. Nilihesabu watu: Kocha, Mama, mimi. Mama aliona macho yangu.

"Ulipopiga simu ya kuja," alisema, "Kocha aliniambia nipigie Musyoka pia. Musyoka akasema ataona."

"Amesema saa ngapi?"

"Alisema tu ataona."

Tuliitazama njia, wawili tukitazama na mmoja akisikiliza. Alipita mtu wa bodaboda, hakusimama. Kocha akasukuma ungo pembeni.

"Chakula kinapoa. Diploma, gawa."

Nilishika mwiko. Nimegawa vyeti, nimegawa medali, lakini tangu shule sikuwa nimegawa chakula. Nilichota. Mwiko ulipita juu, mwepesi, na Kocha akageuza sikio.

"Diploma."

Nilirudisha nilichochota. Nikazamisha mwiko, nikakwangua chini mpaka chuma kikalia, nikainua. Sahani ya Mama. Nikakwangua tena. Sahani ya Kocha. Nikakwangua. Sahani ya nne, ile isiyo na mtu. Mwisho yangu. Kocha alikuwa akisikiliza mlio wa mwiko jinsi alivyokuwa akisikiliza viatu vyetu uwanjani, na mara ya nne aliitikia kwa kichwa.

Tulikula. Katikati ya kula alisema, bila mtu kumuuliza, "Ni kweli yale Mama aliwaambia zamani. Tulikuwa na fainali chuoni. Nilikuwa na mpira. Kulikuwa na mwenzangu peke yake chini ya ringi, mikono juu, na mimi nilimwona. Huyo kijana wako hakuona. Mimi niliona, nikapiga mwenyewe, nikakosa." Akatafuna. "Mambo mengi siku hizi sioni. Huyo bado namwona. Bado amesimama hapo."

Mama aliweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe. Hakucheka safari hii.

Tulipomaliza, Kocha alipapasa meza, akazikuta sahani tatu tupu moja moja, kisha vidole vyake vikagusa ukingo wa ile ya nne, iliyojaa. Akaniuliza, si kwa sauti ya uwanjani, kwa sauti ya mtu aliye karibu:

"Nani hajaonja?"

"Musyoka," nikasema.

Aliingiza mkono kwenye ungo, akachagua mbaazi moja, akanyoosha mkono wake mpaka ukaupata wangu. Aliugeuza kwanza, akahakikisha kwa kidole gumba kwamba ni wa kushoto, akaiweka, akanifumba vidole.

Mama alifunika sahani ile kwa sahani nyingine, akaifunga kwa kitambaa, nikaiweka kwenye kiti cha mbele cha gari. Nilifika njia panda ambapo kulia ni nyumbani kwangu na kushoto ni Athi River, kwa Musyoka. Nilikaa hapo mpaka magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Sitasema nilikwenda wapi, ila kwamba sahani za Mama bado ziko jikoni kwangu, zimeoshwa, na mfukoni, bado upande wa kushoto, ile mbaazi imeanza kukauka.